Toubkal: Niambieni Kwanza Mwezi

Barua za mara hii karibu zote zinauliza jambo moja: niende Toubkal, ule mlima wa Moroko, au nisiende? Mbili tu ndizo zilizotaja mwezi. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: Toubkal ya Septemba na Toubkal ya Februari ni milima miwili tofauti. Anayeniuliza kama ni mgumu bila kutaja mwezi ameniletea nusu ya swali.

Nilifika Uhuru mwaka juzi kwa njia ya Marangu, siku sita. Toubkal ni mita 4,167 tu. Kweli kuna haja ya kujiandaa? (Msomaji, Moshi)

Ipo, ndugu yangu. Hilo neno "tu" ndilo linalowabakiza watu kitandani na ndoo ya kutapikia wakati wenzao wanaondoka kwenda kileleni.

Kumbuka ulivyopanda Kilimanjaro. Usiku wa kwanza Mandara, wa pili Horombo, na kwa safari ya siku sita bila shaka ulilala Horombo mara mbili kabla ya kwenda Kibo. Mwili ulipewa muda. Kule Moroko mambo huenda mbio. Asubuhi unakunywa chai Marrakech, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Saa moja na nusu kwa gari uko Imlil, mita 1,740. Jioni unafika kwenye vibanda vya wapandaji, mita 3,207. Saa kumi alfajiri unaamshwa, na kabla ya adhuhuri unatakiwa uwe kileleni. Kupanda kwako Uhuru hakukusaidii hapa, maana mazoea ya hewa nyembamba hupotea mwilini wiki chache baada ya kushuka.

Kwa hiyo ongeza usiku mmoja, au bora miwili, pale Imlil au Aroumd, kijiji kilicho juu yake kidogo. Siku ya katikati panda hadi Tizi n'Mzik, karibu mita 2,500, kisha rudi ulale chini. Huko juu kichwa kikiuma na chakula kikakukinai, usiongeze hata hatua moja ya kupanda mpaka hali itulie. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, unashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vidonge vya Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni mazungumzo yako na daktari wako, na ukivimeza kanuni hiyo haibadiliki.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siachi kuliandika. Mwenye ugonjwa wa selimundu (sikoseli) asiende kwenye miinuko ya namna hii. Hata aliyerithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja, ambaye hajawahi kuugua maishani, anapaswa kujijua na kuongea na daktari kabla ya kulipa nauli, kwa kuwa wapo wa aina yake walioharibikiwa na bandama kwenye hewa nyembamba. Katika ukanda wetu watu hao ni wengi, na wengi wao hawajapimwa. Maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu msiyaite kichomi mkaendelea kutembea.

Ni kweli Toubkal ni wa pili kwa urefu Afrika? (Wasomaji watatu)

Si kweli: ni mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini, lakini Kilimanjaro, Kenya, Rwenzori, Meru na Karisimbi yote inauzidi.

Likizo yangu ni Januari. Naambiwa kuna theluji kidogo. Itanizuia? (Msomaji, Nairobi)

Ahsante kwa kutaja mwezi. Nani aliyekuambia "kidogo"? Kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na miaka mingine hadi Mei, bonde la kusini ambalo njia ya kawaida hupitia hufunikwa na theluji, na alfajiri uso wake huwa umeganda kuwa barafu ngumu. Wakati wa kiangazi ukiteleza pale unakaa kitako kwenye kokoto, unachubuka mikono, unainuka. Januari ukiteleza huna cha kukuzuia mpaka ufike chini kwenye mawe. Watu wamekufa hivyo, wakiwemo wenye mapafu na miguu imara kuliko yangu na yako.

Utahitaji kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya kiatu, na shoka la barafu. Imlil vinakodishwa madukani, na hapo ndipo penye mtego wenyewe. Kukodi shoka ni dakika tano. Kujua kujigeuza tumboni na kulikita kwenye theluji wakati tayari unateremka kwa kasi ni jambo la kufundishwa na kurudiwa mara nyingi kwenye mteremko mfupi usio na hatari. Hata huko kwetu, kwenye theluji ya Lenana au Uhuru, wengi wetu tumepita juu ya njia iliyokwisha kukanyagwa na wenzetu. Kama hujawahi kuvaa kramponi, lipia siku nzima ya mafunzo kabla ya kupanda, au ukubali kuishia vibandani. Na kama likizo yako haina nafasi ya siku hiyo, jibu langu ni usiende Januari.

Raba za kukimbilia zinatosha? (Hakutaja mwezi)

Mwezi gani?

Mimi ni mzoefu. Naweza kwenda bila mwongozaji ili niokoe pesa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Desemba 2018 wasichana wawili, mmoja wa Denmark na mwingine wa Norway, waliuawa katika hema lao karibu na Imlil. Wauaji walikamatwa na kuhukumiwa, na tangu hapo njia ina vituo vya askari. Wanataka kukuona na mwongozaji mwenye kibali, na wanaandika pasipoti yako. Beba pasipoti yenyewe, usiende na picha yake kwenye simu.

Lakini hata kama amri hiyo isingekuwepo, ningekuambia hivyohivyo. Mtu wa Kilimanjaro anajua mgumu, yaani mpagazi, anabeba nini na analipwa nini, tena analalamika mgeni akibana senti. Akivuka kwenda Moroko, yeye mwenyewe anakuwa mgeni wa kubana senti. Watu wa Imlil ni Waamazighi wanaosema Kitashelhit. Mzigo wako hubebwa na nyumbu, namaanisha mzao wa punda na farasi, na nyuma ya kila nyumbu kuna mtu anayetembea kwa miguu njia ileile unayotembea wewe. Uliza analipwa kiasi gani. Uliza nyumbu amebebeshwa kilo ngapi. Theluji ikishuka chini nyumbu hawafiki vibandani, na mzigo hubebwa na mabega ya watu. Hapo bakshishi yako ijue hivyo.

Nimesikia njiani kuna ziara ya mfalme wa majini. Naruhusiwa kuingia? (Msomaji, Mombasa)

Ni Sidi Chamharouch, karibu mita 2,300, penye jiwe kubwa lililopakwa chokaa nyeupe. Sisi wa Pwani jina Shamharushi si geni masikioni. Muislamu anaruhusiwa kuvuka daraja, asiye Muislamu anabaki upande wa njia. Wanaokuja pale wengi ni wagonjwa na jamaa zao wanaotafuta nafuu, kwa hiyo simu yako iache mfukoni. Kunywa chai vibandani hapo, pumzika, endelea.

Baada ya lile tetemeko, si aibu kwenda kutembea juu ya msiba wa watu? (Msomaji, Kigali)

Dada, swali lako ndilo lililonikalisha chini muda mrefu kuliko yote. Usiku wa Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2023, ardhi ya Al Haouz, mkoa ulimo Imlil, ilitikisika kwa ukubwa wa 6.8. Zaidi ya watu 2,900 walikufa, wengi wakiwa ndani ya nyumba za mawe na udongo katika vijiji vya milima hiyohiyo. Waongozaji wengi walipoteza nyumba, na wengine jamaa.

Hata hivyo, bonde la Imlil linaishi kwa miti ya jozi, tufaha na cheri, na kwa wageni. Mgeni asipokuja, mwenye nyumbu bado anatakiwa kumlisha nyumbu. Nenda. Lala kwenye nyumba ya mwenyeji kijijini, kula mkate na tajini ya mwenyeji, nunua jozi zake. Na ukipita penye kuta zilizoanguka, usizipige picha kama kivutio.

Naishi Arusha. Nianze na Meru au Toubkal? (Msomaji, Arusha)

Meru. Unauona dirishani, una siku tatu au nne za kupanda taratibu, na ni mrefu zaidi.

Nafanya kazi Maskati na nilishazoea mlima wa Jebel Shams. Machi nilienda Toubkal, nikarudi kabla ya kufika kwenye ukingo wa Tizi n'Toubkal kwa sababu ya upepo. Wenzangu walifika kileleni na sasa wananicheka. Nilikosea? (Msomaji, Oman)

Hukukosea, mdogo wangu. Pale ukingoni, zaidi ya mita 3,900, upepo wa Machi unaweza kumwangusha mtu mzima, na upande wa pili kuna shimo. Mimi nimewahi kugeuka karibu na hapo ulipogeukia, na mwongozaji wangu aliponiona nimegeuka alikuwa ameshaanza kushuka mbele yangu. Wenzako walivuka salama siku hiyo. Hilo halithibitishi kwamba mlikuwa salama wakati mnaamua.

Rudi wiki ya pili ya Septemba, joto la Marrakech likianza kupungua na theluji ikiwa haijashuka. Lala Aroumd siku mbili. Na kama bado una namba ya mwongozaji aliyekubali kurudi nawe bila kunung'unika, mpigie huyohuyo.