Makongoro, mifupa na kamba ya nyuzi tatu: maswali yenu kuhusu kolajeni

Tangu niguse habari ya kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, kano na mifupa, kwenye safu hii, maswali yamemiminika. Nimechukua machache. Kumbukeni mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari. Palipo pa daktari nitasema.

Shikamoo mwalimu. Magoti yananisumbua, na jirani ananisisitiza ninywe supu ya makongoro kila asubuhi kwa sababu ina kolajeni. Inasaidia kweli? (Morogoro)

Marahaba. Kolajeni imo, tena tele. Chemsha makongoro mpaka nyama iachane na mfupa, acha supu ipoe usiku kucha, kisha asubuhi tikisa bakuli. Utaona imeganda, inacheza kama jeli. Ndani ya kano na ngozi ya ng'ombe, kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Moto wa muda mrefu unaifumua kamba, kila uzi unaelea kivyake. Supu ikipoa nyuzi zinatafutana tena lakini ovyo ovyo, zinanasana na kuyafungia maji katikati. Hiyo ndiyo jelatini.

Ila tumbo lako halijui kwamba unaumwa magoti. Litaikatakata kolajeni hiyo vipande vidogo vidogo, kama linavyofanya kwa dagaa na maharage, na mwili utavitumia popote unapotaka. Kunywa supu kwa utamu wake, na magoti yapeleke yakapimwe.

Nani aligundua kwamba ni nyuzi tatu? Alizionaje na hazionekani? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Swali hili nimelipenda, kwa hiyo nivumilie. Jina ni G. N. Ramachandran, mzaliwa wa Ernakulam, kusini mwa India, mwaka 1922. Mwaka 1952, hata miaka thelathini hajatimiza, alikabidhiwa idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Madras, jiji ambalo leo ni Chennai, lile lile ambalo wagonjwa wengi wa kwetu hupelekwa kutibiwa. Mwanasayansi J. D. Bernal alipopita Madras akitokea Uingereza, alimdokeza kwamba umbo la kolajeni bado ni kitendawili. Linus Pauling, bingwa wa kazi hizo, alikuwa amependekeza umbo lake mwaka 1951, na lilikuwa na makosa.

Ramachandran na mwenzake Gopinath Kartha walitumia miale ya eksirei. Unaipitisha kwenye kipande cha kano, inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na kutokana na mpangilio wa madoa unakokotoa atomi zimekaaje. Walikuwa na dokezo lingine la kikemia: karibu theluthi ya asidi amino (vijenzi vya protini) za kolajeni ni aina moja tu, glisini, ndogo kuliko zote. Kwa nini theluthi? Wakaona kwamba glisini lazima ikae kila nafasi ya tatu, kwa sababu pale nyuzi tatu zinapobanana katikati hakuna nafasi ya kingine chochote. Walichapisha mwaka 1954, na mwaka 1955 wakaboresha: kila uzi umejipinda upande mmoja, halafu zote tatu zinazungukana kuelekea upande wa pili. Aliyewahi kuwatazama wasokota kamba za makumbi ataelewa mara moja. Ukisokota kila kitu upande mmoja, kamba inajifungua yenyewe ukiiachia.

Mwaka huo huo Alexander Rich na Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, walitoa muundo wao uliokaribiana sana na ule, wakadai kwamba katika muundo wa Madras atomi fulani zimesogeleana kupita kiasi. Mwingine angenuna. Ramachandran alirudi kazini na kuuliza: kwani atomi zinaruhusiwa kusogeleana kiasi gani? Jibu lake, alilotoa na C. Ramakrishnan na V. Sasisekharan mwaka 1963, ni mchoro ambao mpaka leo hutumika kukagua umbo la protini yoyote. Alifariki mwaka 2001 bila Tuzo ya Nobel, na mimi naona alidhulumiwa.

Mwalimu, mwanangu wa miaka mitatu ameshavunjika mifupa mara nne, mara ya mwisho kwa kuanguka kutoka kwenye mkeka tu. Weupe wa macho yake una rangi ya kibuluu. Wakwe wanasema nampiga, wengine wanasema tumerogwa. (Mama, Tanga)

Pole sana mama. Mpeleke mtoto hospitali ya rufaa, aonwe na daktari wa watoto na wa mifupa, na hilo la macho ulitaje mwenyewe bila kungoja kuulizwa. Siwezi kumpima kwa barua. Mifupa huvunjika kwa sababu nyingi, ikiwemo matege ya kukosa vitamini D. Lakini mifupa inayovunjika kirahisi pamoja na macho ya kibuluu ni dalili zinazojulikana za ugonjwa uitwao osteojenesisi imperfekta. Chanzo chake, kwa wagonjwa walio wengi, ni jeni mbili zinazotengeneza kolajeni ya mifupa.

Rudi kwenye kamba ya Ramachandran. Kila uzi una asidi amino elfu moja hivi. Glisini moja tu ikibadilishwa na kitu kinene zaidi, pale katikati hapatoshi, na usokotaji unakwama. Cha kushangaza ni hesabu yake. Kamba ya mfupa ina nyuzi mbili za aina moja na uzi mmoja wa aina nyingine. Kila jeni tuna nakala mbili, ya baba na ya mama. Ikiwa nakala moja ni mbovu, na hivyo nusu ya nyuzi za aina ile ya kwanza zina kasoro, kamba zitakazopata angalau uzi mmoja mbovu si nusu, ni robo tatu. Mtu ambaye nakala yake mbovu imezimika kabisa, haitoi uzi wowote, huumwa kwa nafuu zaidi: kamba zake ni nusu, lakini zote nzima. Uzi mbovu una madhara kuliko uzi usiokuwepo.

Mara nyingi kosa hili hutokea upya kwa mtoto, wazazi wote wawili hawana. Hakuna ulichokula au kufanya ukiwa mjamzito kilichosababisha. Tiba ya kuung'oa kabisa haipo, lakini zipo dawa za jamii ya bisfosfoneti zinazoimarisha mifupa ya watoto, yapo mazoezi, na upasuaji wa kuweka vyuma ndani ya mifupa mirefu. Na omba daktari akuandikie maelezo ya ugonjwa kwenye karatasi. Ukirudi naye hospitali na mvunjiko mwingine, itakuepusha na mengi, kwa wakwe pia.

Naweza kukunja kidole gumba mpaka kiguse mkono, kupita kifundo cha kiganja. Rafiki zangu wanasema ni ugonjwa. (Nakuru)

Wengi wanaweza, na hawaumwi chochote. Madaktari hutumia kipimo cha alama 9 kinachoitwa kwa jina la Peter Beighton, aliyefanya kazi Cape Town: vidole vidogo, vidole gumba, viwiko, magoti, na kuinama viganja viguse sakafu bila kukunja magoti. Ukiwa na alama nyingi na viungo vinateguka mara kwa mara, au ngozi inavutika na kuchanika kirahisi, kamwone daktari, maana huenda ni Ehlers-Danlos, ugonjwa wa kurithi unaolegeza viungo na ngozi. Orodha ya kimataifa ya mwaka 2017 iliutaja kwa aina 13, na ile inayoonekana zaidi jeni yake bado haijapatikana. Kama huteguki, endelea kuwafurahisha rafiki zako.

Krimu ya kolajeni inaondoa makunyanzi? (Dar es Salaam)

Molekuli nzima ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Inabaki juu na kuilainisha, kazi ambayo mafuta ya nazi yanaifanya kwa bei ya chini.

Fizi zangu zinatoka damu. Nimeambiwa nile malimao. Yanahusianaje na mada yako? (Kigoma)

Kwanza kamwone daktari wa meno; mara nyingi ni uchafu uliogandia kwenye meno. Lakini uhusiano upo. Ili kamba ya kolajeni ishikamane, asidi amino iitwayo prolini huongezewa oksijeni kidogo, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakiendi bila vitamini C. Kamba isiyopitia hatua hiyo hufumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mwili wako una 37. Ndiyo maana mabaharia wa zamani, waliokaa baharini miezi bila matunda, fizi zilioza na makovu ya zamani yakafumuka. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimao ndio walioinuka upesi. Mapera na ubuyu navyo vinafaa.

Mbona supu ya samaki haigandi kama ya makongoro? (Mwanza)

Inategemea samaki. Anayeishi kwenye maji ya baridi kali, kama samaki aitwaye kodi wa bahari za kaskazini, ana kolajeni inayofumuka kwenye nyuzijoto kama 15, kwa hiyo jelatini yake huganda kwa shida. Sangara wako si hivyo. John Muyonga wa Makerere na wenzake walipima kolajeni ya ngozi ya sangara na kuchapisha mwaka 2004: inastahimili mpaka nyuzijoto 36. Usitupe ngozi na vichwa. Chemsha na maji machache, weka kwenye friji usiku kucha, uniandikie asubuhi imekuwaje.