Kabla ya kuandika "hajui"

Ninyi mnaoanza kazi ya kupima akili za watoto hapa Nairobi, pokeeni somo nililolipata Kayole baada ya kumkosea mtoto wa watu.

Nilimsimulia mvulana wa miaka saba hadithi fupi, kisha nikamtaka anisimulie alivyoisikia. Akainamisha kichwa, kimya. Nikarudia swali. Kimya. Nikaandika sifuri. Nikiwa mlangoni navaa viatu, nikamsikia akimsimulia mdogo wake hadithi yote, hata sauti ya fisi hakuiacha. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, huyu hajazoea kujibizana na wakubwa. Na hiyo hadithi si unaijua wewe mwenyewe?"

Watafiti wa malezi ya watoto, Sara Harkness na Charles Super, walikutana na ukimya huohuo miongoni mwa watoto wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, hapa Kenya, miaka ya 1970. Huko, mtoto hufunzwa kusikiliza na kutenda anachotumwa. Kumsimulia mkubwa si kazi yake. Super alichunguza pia watoto wachanga. Mama waliwafundisha kuketi, wakiwaegemeza kwenye kishimo kifupi ardhini, na kutembea pia. Wakaketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani. Kutambaa, ambako hakukufundishwa hivyo, hawakuwatangulia. Mwili ni uleule wa binadamu wote, ila malezi nayo yana mkono katika ratiba yake.

Mkipata nafasi, pitieni Makumbusho ya Taifa mjifunze habari za yule kijana wa Nariokotome, mmoja wa binadamu wa kale, ambaye mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana. Aliishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, na ubongo wake ulikuwa na sentimita za ujazo 880 hivi. Wetu hukaribia 1,350, lakini mtoto wetu huzaliwa na takriban theluthi moja tu ya ukubwa huo. Sehemu kubwa inayobaki hukua akiwa mgongoni mwa mama, katikati ya sauti za watu wa nyumbani. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kazi hii: mageuzi yenyewe yameiacha akili ikamilishwe na watu. Ukimtenga mtoto na watu wake ili umpime, umepima nusu.

Kwa hiyo mpeni mtoto mwenzake wa kumsimulia, nanyi kaeni kando. Andikeni ni nani alikuwepo na lugha gani ilitumika. Fomu yangu siku hizi ina visanduku viwili, "hajui" na "hakunijibu", na cha pili ndicho hujaa upesi.