Dozi moja au mbili? Mama wa Nansio auliza kuhusu chanjo ya mabinti

SWALI

Shikamoo, Daktari. Mimi ni mama wa mabinti wawili, mkazi wa Nansio, Ukerewe, na ninafanya biashara ya dagaa. Mwaka 2019 binti yangu mkubwa, akiwa na miaka 14, alichanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi mara mbili, kwa kupishana miezi sita. Mwaka 2024 mdogo wake, aliyekuwa na miaka 11, alichanjwa shuleni mara moja tu, nasi wazazi tukaambiwa kwamba imetosha. Wenzangu sokoni wanasema Serikali imepunguza chanjo ili kubana matumizi, na wengine wanadai kwamba watoto wa Mwanza ndio waliofanyiwa majaribio. Je, mdogo ameachwa na nusu ya kinga? Nimtafutie dozi ya pili kwa fedha zangu?

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe ili usiendelee kukosa usingizi: ikiwa binti yako mdogo hana maambukizi ya VVU wala hali nyingine inayodhoofisha kinga ya mwili, dozi aliyoipata inamtosha kwa ushahidi uliopo, na fedha yako ya dagaa ibaki kwa matumizi mengine ya nyumbani. Hata hivyo, mzazi anayeona mtoto mmoja amechanjwa mara mbili na mwingine mara moja ana haki ya kuelezwa sababu, na katika jambo hili sehemu kubwa ya sababu imetoka pande hizi hizi za ziwa.

Wazo la dozi moja halikuzaliwa katika vikao vya bajeti. Mwaka 2009 watafiti nchini India walianza kulinganisha dozi mbili na dozi tatu. Mwaka uliofuata Serikali ya nchi hiyo ikasimamisha uchanjaji katika tafiti za chanjo hii, na maelfu ya wasichana wakabaki na dozi moja bila mtu kukusudia. Walipofuatiliwa kwa miaka mingi, ilionekana kwamba walikingwa dhidi ya maambukizi sugu ya virusi vya HPV vya aina ya 16 na ya 18, ambavyo kwa pamoja husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii, karibu sawa na wenzao waliokamilisha dozi. Huko Costa Rica nako, wanawake ambao kwa sababu mbalimbali hawakurudi kwa dozi zilizofuata walionekana kuwa na kinga iliyodumu zaidi ya miaka 10. Habari hizo zilitia moyo, lakini mtafiti mwangalifu hawezi kuzitegemea peke yake, kwa kuwa waliopata dozi moja hawakupangiwa kwa bahati nasibu, na huenda walitofautiana na wenzao kwa mambo ambayo hayakupimwa.

Ndipo Mwanza ilipoingia. Kuanzia mwaka 2017, watafiti wa hapa, wakishirikiana na wenzao wa London, waliandikisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa ya wazazi na ya mabinti wenyewe, wakawapanga kwa bahati nasibu kupata dozi moja, mbili au tatu za mojawapo ya chanjo mbili ambazo tayari zilikuwa zimeidhinishwa na zikitumika duniani. Nalisisitiza hili kwa sababu ya maneno uliyoyasikia sokoni. Hakuna binti aliyedungwa dawa isiyojulikana, na swali lililoulizwa lilihusu idadi ya dozi kwa watoto wa Kiafrika, ambao miili yao hukutana na malaria na minyoo, ilhali maamuzi juu yao yangeweza kufanywa kwa takwimu za mabara mengine pekee. Miezi 24 baada ya chanjo, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza na kuiweka kwenye damu, dhidi ya kirusi cha aina ya 16.

Hapa pana jambo ambalo sitalificha. Kiwango cha kingamwili cha waliopata dozi moja kilikuwa chini kuliko cha waliopata mbili au tatu, na hapo ndipo neno la "nusu kinga" linapopata nguvu. Lakini wewe unayeishi kisiwani unajua kwamba mtumbwi ukishapata maji ya kuelea, kina kikiongezeka mara tatu hauelei zaidi ya hapo. Kilichotakiwa kujulikana ni kama mabinti wa Mwanza walikuwa na maji ya kutosha, kwa hiyo kingamwili zao zililinganishwa na za wale wanawake wa India na Costa Rica ambao tayari ilijulikana kwamba dozi moja iliwakinga, na hazikuonekana kuwa pungufu.

Kingamwili ndani ya kichupa cha maabara bado si sawa na binti asiyeambukizwa, na pengo hilo lilizibwa na utafiti wa Kenya, uliofanyika Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, pamoja na Nairobi na Thika. Wanawake 2,275 wenye miaka 15 hadi 20 walipangiwa kwa bahati nasibu moja ya chanjo mbili za HPV, dozi moja tu, au chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa ajili ya kulinganisha. Katika miezi 18 yalihesabiwa maambukizi sugu 38 ya aina ya 16 au ya 18: moja katika kila kundi la HPV, na 36 katika kundi la tatu. Nimesoma matokeo mengi ya tafiti, na ni nadra kukuta tofauti iliyo wazi kiasi hiki. Hawakuhesabu saratani zenyewe kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza tangu maambukizi, na kusubiri kiasi hicho kungegharimu maisha ya wengi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu ratiba ya dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania, ambayo tangu mwaka 2018 ilikuwa ikiwachanja mabinti wa miaka 14 kwa dozi mbili, ikahamia dozi moja kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Ndiyo, gharama imepungua, na sioni aibu kulisema. Lakini tazama kilichonunuliwa kwa punguzo hilo: chanjo zilipokuwa chache duniani, nchi ililazimika kuanza na umri mmoja tu, na binti yako mdogo, akiwa na miaka 11, kwa utaratibu wa zamani angesubiri miaka mitatu zaidi. Fikiria pia muuguzi aliyeshuka kwenye boti na kisanduku cha baridi begani, vifuko vya barafu vikianza kulainika, akifika kwenye mwalo na kukuta yule binti aliyemchanja miezi sita iliyopita amehama na wazazi wake kuwafuata dagaa kisiwa kingine. Dozi ya pili ilikuwa ikipotelea hapo.

Sera hii ina upande wake mgumu, na ningependa viongozi wa wilaya zetu wausikie. Kampeni inayopita shuleni humkosa binti aliyeacha shule ili aanike dagaa au alee wadogo zake, na akikosa dozi hiyo moja amekosa kinga yote. Kwa hiyo chanjo iliyookolewa haina budi kumfuata huko mialoni, kwa orodha zinazoandaliwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozijua kaya. Jambo la pili ni mabinti wanaoishi na VVU. Matokeo niliyoyaeleza hayawahusu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza wapate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Mzazi mwenye binti wa aina hiyo asitosheke na siku ya chanjo shuleni, bali alizungumze na wahudumu wa kliniki anakochukulia dawa, kwa faragha.

Binti yako mkubwa hakudhurika kwa dozi ya ziada. Tunza kadi za wote wawili. Na kwa kuwa umeniuliza habari za mabinti bila kujitaja, nikuulize mimi: je, wewe umepimwa? Chanjo hii haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, na zaidi ya wanawake 10,000 nchini hugunduliwa na saratani hii kila mwaka, wengi wao wakiwa wamechelewa. Kipimo cha siki, ambapo mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama mabadiliko, huchukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Safari ijayo ya kliniki, ulizia siku wanayopima.