Spika zisizo na waya: wiki tatu nililaumu amplifaya bure

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeunganisha spika za bluetooth na TV. Mtu anafunga mdomo ndipo maneno yanatoka. Nizirudishe dukani?" Swali lake limenitonesha kidonda.

Mimi nina amplifaya ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba. Nilitaka spika za nyuma ya sebule zipige bila waya kukatiza mlangoni. Nikanunua kiboksi cha bluetooth, nikakichomeka kwenye matundu mawili, jekundu na jeupe, nikashikilia kitufe mpaka taa ya buluu ikaanza kupepesa. Ikapepesa usiku kucha, spika kimya. Nikaita fundi. Akazungusha kitufe cha sauti mara mbili, akasema amplifaya imekufa, ninunue nyingine, akadai hela yake akaondoka. Iliniuma. Baba alikuwa akiifuta vumbi ile mashine kila Ijumaa kwa kitambaa chake maalumu.

Wiki ya tatu nikakigeuza kiboksi chini ya tochi. Ubavuni kulikuwa na swichi ndogo kama punje ya mchele, upande mmoja RX, upande wa pili TX. RX ni kupokea, TX ni kurusha. Changu kilikuwa RX! Kiboksi kinangoja muziki, spika nazo zinangoja muziki, hakuna wa kuutoa. Nikasukuma swichi. Kisha nikaona na plagi nilizichomeka kwenye matundu ya kuingizia sauti, nikazihamishia yale ya kutolea sauti, yaliyoandikwa TAPE OUT. Sekunde chache baadaye taa ikatulia, na muziki ukatoka nyuma yangu. Nilisimama pale sebuleni, machozi yananilenga.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujamwamini mtu anayekwambia kitu kimekufa, jiulize: nani anarusha, nani anapokea? Na ujue TAPE OUT haifuati kitufe cha sauti cha amplifaya. Sauti utaipandisha kwenye spika zenyewe.

Sasa hilo la midomo. Spika zako si mbovu. Bluetooth ya kawaida hufungasha sauti, huirusha, kisha spika huifungua, na safari hiyo mara nyingi hula milisekunde 150 hadi 250. Kwa muziki hutajua, kwa filamu utaona. Kuna mfumo wa aptX Low Latency unaoshusha hadi kama 40, ila lazima kirushio na spika vyote viwe nao. Kimoja peke yake hakisaidii. Kwenye TV nyingi, mpangilio wa kulinganisha sauti na picha huchelewesha sauti tu, na yako tayari imechelewa. Ushauri wangu: sauti ya filamu ipitie waya, kwenye tundu la TV lililoandikwa HDMI ARC au la optiko (waya wa mwanga), bluetooth ibaki ya muziki.

Sauti ikikatika-katika, angalia ruta na mikrowevu. Vyote hutumia mawimbi ya karibu 2.4 GHz, sawa na bluetooth. Hamishia TV na simu kwenye Wi-Fi ya 5 GHz kama ruta inayo, na kiboksi usikifungie ndani ya kabati la chuma.

Usizirudishe. Soma kwanza maandishi yaliyo nyuma ya kila kifaa, hata yale madogo, kwa tochi. Na kirushio chako kikiwa na swichi, anza na hiyo.