Saa Moja Jioni Bado Mchana: Maswali Yenu Kuhusu Usiku wa Nerja

SWALI: Shikamoo dada. Mi naandika toka Kiboriloni, Moshi. Dada yangu kaolewa Hispania, anaishi kamji ka pwani kanaitwa Nerja, mwaka jana mwezi wa sita akanialika wiki mbili. Mimi mtu wa kula bata, sifichi, nikabeba na viatu vya mchuchumio pea mbili. Sasa dada anapiga shifti ya usiku, shemeji kasafiri, nikavaa nikapendeza, saa moja jioni huyoo nikatoka. Mgahawa wa kwanza viti viko juu ya meza, wa pili mhudumu ananiambia jikoni bado labda kinywaji, nikanywa soda yangu na wazee wawili wa kizungu pembeni, saa tatu nikarudi kulala. Ile nashika usingizi ndo makelele yanaanza chini ya dirisha, watoto, vicheko, gitaa, mpaka majogoo! Nikarudia kesho yake na keshokutwa, ni yale yale. Mwaka huu naenda tena mwezi huo huo. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole, nimecheka mpaka chai imenipalia. Umetoka mapema, basi, hakuna kingine.

Jua la kwetu halina mambo mengi. Moshi saa kumi na mbili na nusu limeshazama, saa moja giza, saa mbili mtu kashiba anatafuta shuka. Nerja mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku na dakika zake, kwahiyo wewe ulivyotoka saa moja umenukia marashi, kwao ile bado alasiri, watu wako ufukweni na mataulo au ndo kwanza wanaamka. Na si jua peke yake, hata saa yenyewe ya Hispania imevutwa. Ukiangalia ramani Nerja iko magharibi hata ya London, ilitakiwa wafuate saa za Uingereza, lakini mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wao, ikasogeza saa mbele zilingane na za Ujerumani, Vita Kuu ya Pili ikaisha, Franco mwenyewe akafa, saa hazijarudishwa mpaka leo. Halafu kiangazi wanaongeza lisaa lingine juu yake. Ndo maana Nerja na Moshi mwezi wa sita mnapishana saa moja tu wakati wako kule mwisho wa Ulaya.

Sasa we fanya hivi. Saa nane mchana kula haswa, ule ndo mlo wao mkubwa, kisha lala. Usione aibu, najua kwetu mwanamke akilala mchana mawifi wana la kusema, kule hata maduka mengi yanafungwa mpaka saa kumi na moja jioni watu wapumzike. Ukiamka kunywa kahawa na kitu kitamu, hicho kitakushikilia. Saa mbili unusu hivi ndo uoge, uvae, utoke, tena polepole.

Anzia Balcón de Europa. Ni kama baraza kubwa lililotokeza juu ya bahari, kuna minazi nadhani, sijui mitende, mimi miti ya namna hiyo huwa nachanganya, na kwenye ukingo kuna sanamu ya shaba ya mfalme Alfonso wa 12 kajiegemeza kama anasubiri mtu. Alifika pale 1885 baada ya tetemeko kubwa la Desemba 1884, na watu wa pale wanasema yeye ndo alipaita hivyo, Baraza la Ulaya. Hapo kazi ni moja, kutembea. Kwenda, kurudi, kusalimiana. Nilimuona bibi mmoja kashikwa mkono na mjukuu, mkono mwingine ana pepeo anajipepea, amevaa mkufu na gauni la maana kama anaenda harusini, kumbe anaenda kula aiskrimu. Karibu na kanisa watoto wanapiga mpira na ni saa tano usiku, hakuna wa kuwafokea. Mimi hicho ndo kilinishangaza kuliko disko zote, maana kwetu bata ni la wakubwa, mtoto akionekana baa saa hizo tunauliza mama yake yuko wapi, kule mama yake ndo huyo meza ya jirani.

Kula ni kuanzia saa tatu unusu mpaka tano. Siku moja shuka ufukweni Burriana au popote utakapoona boti ya zamani imejazwa mchanga na moto unawaka ndani yake, hapo wanachoma dagaa wakubwa wale wa kuitwa sardini, wanawachoma mfululizo kwenye kijiti cha tete, ndo wanaita espeto. Usifikirie mishikaki ya kwetu inayolala juu ya mkaa. Kijiti kinachomekwa kwenye mchanga kando ya moto, kimeinama kidogo, upepo usikipigie moshi, na mchomaji hana koleo, anageuza kwa vidole. Chumvi ya mawe tu, hakuna kingine. Unakula kwa mkono, ngozi inalia kwa meno, unabaki na mgongo mtupu kama kitana. Nililamba limau, nikanawa mara mbili, na usiku kucha mkono ulinuka samaki na sikujali.

Vinywaji: usiagize kubwa. Omba caña, kiglasi kidogo cha bia, euro 2 au 3 hivi, kinaisha kabla hakijapata moto. Wewe wa Moshi najua utasema hiki ni cha kuonjeshea. Subiri, maana baa nyingi za Nerja ukiagiza kinywaji unaletewa na kisahani cha bure, samaki wa kukaanga, zeituni, kipande cha mkate na kitu juu, na ukiagiza kingine kinakuja kisahani kingine. Ndo tapa hiyo. Kwa Mrombo hapa Arusha tunaagiza kilo mbili za nyama tunang'ang'ania meza moja mpaka taa zizimwe, kule ni kiglasi kimoja, kisahani kimoja, mnahama baa. Wine pia ipo, ila kiangazi wenyeji wanakunywa tinto de verano, wine nyekundu imechanganywa na soda ya limau na barafu, nyepesi, inateremka, na hapo ndo pa kuwa makini kwa sababu inateremka.

Muziki wa kucheza ni Plaza Tutti Frutti, ndo jina lake kweli sitanii, uwanja umezungukwa na baa. Ukifika saa nne utawakuta wahudumu wanapanga viti, nenda baada ya saa sita. Chupa mkononi usitembee nayo, Andalusia, yaani jimbo lote la huko, kunywea barabarani kumekatazwa na faini ipo. Kuhusu usalama nilitembea mwenyewe saa nane usiku barabarani kuna watu kama sokoni, mkoba tu uweke mbele, na namba ya dharura ni 112. Mchuchumio uache Kiboriloni, vile vichochoro ni vijiwe na miteremko, utateguka siku ya kwanza.

Na kwa vile unaenda mwezi wa sita, hakikisha tarehe 23 usiku uko ufukweni. Ni mkesha wa Mtakatifu Yohane, watu wanawasha mioto mchangani, wanairuka, wanachoma na midoli ya matambara wanayoita júas, ikifika saa sita usiku wanaingia majini, wengine wananawa uso tu. Usiku huo hata aliyelala mapema wiki nzima anakesha. Asubuhi wanakula churros, unga wa kukaanga mrefu, mkoa huo wa Malaga wanaita tejeringos, unachovya kwenye chokoleti nzito kama uji wa mgonjwa.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi niko Kaloleni, Arusha, situmii kilevi na kampuni inanipeleka semina pwani ya huko huko. Nitakaa hotelini naangalia dari?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Hata kidogo, nusu ya niliyoyaandika hapo juu hayana pombe ndani. Agiza mosto, juisi ya zabibu isiyochachuka, unaipata kaunta ileile na kisahani chake. Au granizado de limón, limau na barafu ya kusagwa. Tahadhari ni kwenye visahani maana nguruwe wanampenda mno, mapaja yake makavu yananing'inia mpaka darini. Sema kabla hakijaja, sin cerdo, yaani bila nguruwe, na ukiona wanasita chagua samaki.

SWALI: Dada mambo, mimi naongoza watalii mlimani, naishi Sakina. Wageni wangu wanne wa Hispania wamenialika kwao Septemba. Wakinitoa usiku analipa nani? Sitaki kuonekana kupe, na mfuko naujua mwenyewe.

JIBU: Poa mdogo wangu. Ungekuwa hapa aliyekualika ndo analipa, tunajua. Kule wakitoka kundi mara nyingi wanaweka bote, ni mchango kabisa kama wa harusi ila mdogo, kila mtu anatoa labda euro 20, mmoja anashika, kila baa inalipwa kutoka humo, ikikauka mnachanga tena. Toa wa kwanza bila kusubiri kuombwa, na kama wewe ni wa viglasi viwili waambie mapema, hawakasiriki. Halafu usiku ukiwa mkubwa usije ukasema tunywe ya mwisho tuondoke, watakuziba mdomo, kwao ni mkosi kuitaja ya mwisho. Wanasema la penúltima, ya kabla ya mwisho. Nami nilihesabu, usiku mmoja tulikunywa za kabla ya mwisho nne.