Muulize Fundi: Jakuzi juu ya baraza la mbao

SWALI: Fundi, shikamoo. Nyuma ya nyumba tuna baraza la mbao, mita 4 kwa 5, limeinuka kutoka chini kiasi cha mita moja na nusu. Mume wangu ameagiza jakuzi la watu sita na anataka likae kando ya ukuta, upepo usitupige. Kwenye karatasi yake imeandikwa mita 2 kwa 2, uzito likiwa tupu kilo 350, maji lita 1,300. Mimi naogopa. Yeye anasema tuliwahi kuwa na wageni ishirini pale wakicheza muziki na hata ubao mmoja haukulia. Likionekana zito, ataongeza nguzo mbili katikati na kuziegemeza juu ya vigae vya njiani, au tutajaza maji nusu. Nani yuko sahihi?
*Mama Wawili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uko sahihi wewe. Mwambie baba watoto jakuzi likifika libaki chini kwanza.

Shika kalamu. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi hapo pana kilo 1,300. Ongeza 350 za chombo chenyewe, halafu watu sita wa kilo 75, ambao ni 450. Zimefika 2,100. (Atatokea mjuaji aseme mtu akiwa majini huwa mwepesi, asihesabiwe. Anajihisi mwepesi yeye. Boriti iliyo chini inambeba yeye pamoja na maji yake.) Mzigo huo wote unakalia mita za mraba 4 tu, yaani kilo 525 kwa kila mita ya mraba. Sasa linganisha: kiwango cha kawaida cha baraza la nyumbani huko Marekani ni pauni 40 kwa futi ya mraba, sawa na kilo 195 hivi kwa mita ya mraba. Hata kama aliyewajengea alifuata kiwango hicho bila kuiba hata msumari, mnalitwisha zaidi ya mara mbili na nusu.

Na wale wageni? Watu ishirini kwenye mita za mraba 20 ni kilo 75 kwa mita. Jakuzi ni mara saba ya hapo. Isitoshe, wageni waliaga wakaenda zao, lakini jakuzi halikuagi. Mbao ikibebeshwa mzigo mchana na usiku huendelea kupinda kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, hata kama siku ya kwanza ilikuwa imenyooka.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni hapo kando ya ukuta. Ingia chini ya baraza na tochi. Utaona maboriti upande mmoja yamelala juu ya mhimili wenye nguzo, na upande wa nyumba yameshikizwa kwenye ubao mmoja mrefu uliofungwa ukutani. Jakuzi likikaa kando ya ukuta, sehemu kubwa ya uzito inaangukia ubao huo. Kama umefungwa kwa bolti, afadhali. Kama ni misumari mitupu, hata chai ya jioni msinywee hapo mpaka urekebishwe, kwa sababu mabaraza mengi yanayoanguka huachia pale pale kwenye ubao wa ukutani.

Niliitwa siku moja kwenye nyumba ambayo wenyewe walilalamika tu kwamba mlango wa baraza unakwaruza sakafu. Jakuzi lilikuwa limejaa, linatoa mvuke. Nikapenyeza mkono chini, kidole changu cha shahada kikaingia kati ya ubao na ukuta mpaka kiungo cha pili. Misumari ilikuwa imechungulia nje, imejikunja kama ndoana. Sikupandisha sauti. Niliomba mpira wa kumwagilia bustani, nikaanza kunyonya maji yatoke kwa umbali, na watoto nikaomba wapitie mlango wa mbele.

Nguzo mbili juu ya vigae siziafiki. Nguzo moja inaweza kuangukiwa na kilo 600, na kigae cha sentimita 20 kwa 20 kitazididimiza zote kwenye udongo ule ule unaoloweshwa na maji yanayoruka. Kitako cha zege cha sentimita 60 kwa 60, kilichochimbiwa hadi udongo mgumu, kinausambaza uzito huo kwenye eneo kubwa mara tisa. Na ukiongeza maboriti bila kugusa nguzo na vitako, umeuhamisha mzigo tu, hujaubeba.

Ningekuwa mimi, jakuzi lingekaa ardhini, juu ya zege la sentimita 10 lenye nondo, kando ya baraza, kisha ningeweka ngazi fupi ya kushukia. Kama bado mnalitaka juu ya baraza tu, mhandisi apige hesabu ya fremu ya pekee chini ya jakuzi, yenye nguzo na vitako vyake, isiyoning'inia ukutani hata kidogo. Mkumbusheni aache nafasi ya fundi kuifikia pampu. Mbao za zamani zichomeni kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, hiyo si mbao tena.

Kuhusu kujaza nusu: maji yakishuka chini ya pale pampu inapovutia, itanyonya hewa, na hita itajizima au itaungua. Mtabaki watu sita mmekunja magoti kwenye maji ya baridi. Kwa hilo karai lingetosha.