Kuwafunza washauri wetu kusimama na watu kwenye rufaa za mafao Uingereza

Mkuu mleta mada, umeuliza jumuiya yenu ya Waswahili hapo England ianzie wapi ili wanaojitolea waweze kuwawakilisha watu kwenye rufaa za PIP (malipo kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) na Universal Credit (malipo kwa wenye kipato kidogo), na kama ni lazima wawe wanasheria. Kazi hii nimeifanya kwenye kituo cha ushauri, na nimewafunza wengine, kwa hiyo najibu kwa urefu.

Uanasheria si sharti. Kanuni za baraza la rufaa za mwaka 2008 zinamruhusu mrufani kuwakilishwa na mtu anayemtaka, mradi baraza lipewe kwa maandishi jina na anwani ya mwakilishi huyo. Na uhitaji ni mkubwa. Tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali haulipii tena rufaa za mafao kwenye baraza la ngazi ya kwanza, hivyo mzigo umebaki kwa vituo vya ushauri, halmashauri na watu wa kujitolea. Mpaka mmoja tu msiuvuke: uhamiaji. Kumshauri mtu kuhusu viza yake bila kusajiliwa ni kosa la jinai, hata kama humtozi chochote. Waambieni wanafunzi wenu siku ya kwanza kabisa, kwa sababu mteja wa mafao atauliza tu, na atauliza kwa uchungu.

Sasa mafunzo yenyewe. Wengi huanza na vifungu vya sheria, na mchana watu wamechoka, hakuna alichoshika mtu. Mimi naanza na bunda. Wizara ya Kazi na Pensheni ikishajibu rufaa, hutoa bunda la karatasi: barua ya uamuzi, fomu aliyojaza mteja, ripoti ya mtathmini wa afya, na hoja za wizara. Nawapa wanafunzi bunda la kutunga, kalamu mbili za rangi, na kazi moja: alichosema mteja kwenye fomu wakitie rangi moja, kilichoandikwa na mtathmini rangi nyingine. Pale maelezo hayo mawili yanapopishana ndipo rufaa ilipo. Kwingine kote ni kupoteza muda wa jopo linalosikiliza rufaa.

PIP hutolewa kwa alama: kila shughuli ya maisha inayomshinda mtu ina alama zake. Kisa ninachopenda kukitumia ni cha mama mwenye maumivu ya mgongo na mikono. Ripoti inasema: anapika mwenyewe, alama sifuri. Mwanafunzi anamhoji, naye, kama walivyo wazee wetu waliolelewa kutolalamika mbele ya wageni, anajibu kwamba anapika, anashukuru Mungu. Mwanafunzi mzembe anaandika "anapika". Mwanafunzi ninayemtaka anaendelea: Mama, nani anaepua sufuria? Ugali unausonga mwenyewe? Ukishapika asubuhi, jioni unaweza tena? Kwa wiki, siku ngapi? Hapo inatoka kwamba binti ndiye anayekatakata na kuepua, siku nyingi za wiki. Hizo ni alama 4 kwa kusaidiwa kupika. Akisaidiwa pia kuingia au kutoka kwenye beseni la kuogea au shawa zinaongezeka 3, na kuvaa nguo za kuanzia kiunoni kushuka, 2. Jumla 9. Kiwango cha kawaida cha malipo kwa sehemu ya PIP ya maisha ya kila siku (nyingine ni ya kutembea) kinahitaji 8, cha juu 12. Kwenye shughuli moja hujumlishi vipengele, unachukua kile kimoja kinachostahili.

Maswali hayo hayatoki hewani. Kanuni ya 4 ya Kanuni za PIP za 2013 inasema mtu hahesabiwi kuwa anaweza jambo kama halifanyi kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa juu ambao mtu asiye na tatizo hilo angetumia. Kanuni ya 7 inaangalia kama hali iko hivyo katika zaidi ya nusu ya idadi ya siku. Hizi mbili wazijue kwa moyo. Orodha ya shughuli 12 zenye alama watakuwa nayo mezani.

Jambo la pili la kurudia mpaka lizoeleke ni tarehe. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1998 inalitaka baraza liangalie hali ilivyokuwa siku uamuzi ulipofanywa. Kusikilizwa kunaweza kuja miezi mingi baadaye, na mteja atataka kusimulia alivyo leo. Barua mpya ya daktari inafaa, lakini izungumzie wakati ule. Kama hali imezidi kuwa mbaya tangu hapo, hiyo ni taarifa ya kupeleka wizarani peke yake.

Kwenye chumba cha kusikilizia rufaa, mwakilishi asijigeuze wakili wa sinema. Kwenye PIP jopo ni la watu watatu, yaani hakimu, daktari, na mjumbe anayeufahamu ulemavu, na wao ndio wanaouliza. Wanataka kumsikia mteja. Mwakilishi anaandika, anasikiliza kilichoachwa, na akipewa nafasi anauliza yale mawili matatu yaliyobaki. Kunyamaza kunahitaji mazoezi kuliko kusema, kwa hiyo igizeni kikao kizima, mkibadilishana viti.

Msikubali mwakilishi awe mkalimani pia. Baraza linatoa mkalimani bure, ombeni kwenye fomu ya rufaa. Na tajeni ni Kiswahili cha wapi: mtu wa Bukavu aliyewekewa mkalimani wa Unguja anaweza kupotewa na mengi, na wote wawili wakaona haya kusema.

Kabla ya rufaa lazima wizara iombwe kuupitia upya uamuzi, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, kisha kuna mwezi mwingine wa kukata rufaa. Aliyechelewa kwa sababu nzuri bado anaweza kuomba apokelewe, mwisho ikiwa miezi 13. Pia mteja aonywe mapema, tena kwa maneno wazi, kwamba baraza linaweza kumpunguzia hata alichonacho. Wakati mwingine ushauri bora ni kutokata rufaa.

Kwa mpangilio, mwanafunzi kwanza akae pembeni kwenye vikao, kwa ridhaa ya mteja. Halafu aandike hoja, ukurasa mmoja au miwili, mtu mzoefu azikague. Kusema aseme mwisho, kwa kuanzia na kesi nyepesi. Wakishindwa, waombe sababu za maandishi ndani ya mwezi mmoja na kumpelekea mtaalamu, kwa kuwa baraza la juu husikiliza kosa la kisheria tu, na hapo kazi si ya mwanafunzi tena.